Aibu ya Matako ya Nati

Wacha niisimulie mwenyewe kabla Nafula hajawaambia kwa namna yake, maana shemeji yangu huyo akianza hii habari huwa anasimama kabisa na kuigiza, na akifika sehemu ya gurudumu analikimbiza uwanjani kama kuku wa Krismasi. Ni kweli, ni mimi. Mimi ndiye yule mkwe wa Kitale ambaye gari lake liliketi chini kando ya soko siku ya mazishi, na mama mkwe wake ndani. Nimecheka na watu kuhusu siku hiyo mara nyingi, lakini huwa nacheka kwa mdomo tu.

Mimi nakaa Kibomet, pale pale Kitale, nafanya kazi ofisi ya mifugo, na wazee wangu ni wale waliohamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati wakiwa bado vijana. Mke wangu Nekesa ni wa Kimilili. Sasa kwa watu wao mama mkwe si mtu wa kuzoewa: humpi mkono, huketi naye kiti kimoja, wala hutaji mbele yake kitu chochote kilicho chini ya kitovu. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nikimsalimia kwa mbali huku nimeinama, naye akinijibu akiangalia ukuta, na tulipendana sana hivyo hivyo. Kama ana neno na mimi anampa Nafula, binti yake mdogo, na Nafula ananiletea likiwa limeongezwa chumvi.

Dada mkubwa wa mama mkwe alikuwa ameolewa Bumula. Huyo dada ndiye aliyemlea mama mkwe baada ya mama yao kufa, alimbeba mgongoni, akamfundisha kulima, akamsimamia mpaka siku ya harusi. Alipofariki, mama mkwe alikuwa amelazwa Kimilili na homa ya mapafu, hakuweza hata kwenda kukaa matangani. Daktari alimruhusu Ijumaa jioni, na mazishi ni Jumamosi. Aliomba kitu kimoja tu: amwone dada yake uso kabla jeneza halijafungwa, na jeneza lilikuwa lifungwe saa saba. Nekesa alikuwa ametangulia Bumula tangu Jumatano kusaidia jikoni, akanipigia simu: "Baba Wanjiru, nakuomba, usicheleweshe mama." Nikamwambia, "Si unanijua?" (Alinijua, ndiyo maana aliniomba.)

Saa nne kasoro nilikuwa Kimilili nimewachukua, Nafula mbele na mama mkwe nyuma upande wa kushoto, amejifunika leso mpaka kidevuni. Kabla ya kuondoka nikasema tuongeze upepo kwanza, tukaingia kwa fundi mmoja wa pancha anaitwa Barasa. Barasa akazunguka gari, akachuchumaa nyuma kushoto, akaguna.

"Mzee, hapa nati mbili hakuna. Na hizi tatu zimeriwa na kutu."

(Yaani zimeliwa. Simcheki mtu, kwa sababu hata mimi nikikasirika lakini yangu inageuka rakini.)

Hapo lazima niwaambie juu ya rimu. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimetoa zile rimu za chuma gari lilikuja nazo, nikaweka za aloi, mitumba lakini zinang'aa, na kila nilipoegesha gari nje ya kanisa nilikuwa narudi nyuma hatua tano ili nilione vizuri. Barasa akaleta mikebe miwili ya nati. Mmoja ulikuwa na nati fupi, nyeusi, zimefifia kama misumari ya paa. Mwingine ulikuwa na nati ndefu zinazometameta, kila moja na kiduara chake cha chuma chini, unaweza kujitazama usoni ndani yake. Niligusa moja tu nikajua nataka zipi. Nikajiona nikiingia Bumula, wakwe wote wamekaa chini ya hema, jua linapiga gurudumu.

"Weka hizi," nikasema. "Na hizo kuukuu tatu zitoe pia, zote tano zifanane."

Barasa akatikisa kichwa. "Hizo haziwezi mzee. Zinaingia kwa borti sawa, rakini hazikai kwa rimu yako."

"Kama zinaingia si zinakaa?"

Akachukua nati moja ya kila mkebe, akazigeuza kichwa chini miguu juu, akanyanyua sauti kama mwalimu wa zamu, pale pale dirishani pa mama mkwe: "Mzee, usiangarie kichwa ya nati. Nati unaiangaria matako! Hii ya kung'aa matako yake ni frati, bapa kama sahani. Hii nyeusi matako yake imechongoka. Sasa rimu yako, shimo yake inataka matako ya kuchongoka, ndio ikarie vizuri. Ukiweka matako frati kwa hiyo shimo..."

Ndugu zangu! Matako, matako, shimo, matako, na mama mkwe yuko umbali wa mkono mmoja na kioo kiko wazi! Nafula alikuwa ameshaweka kitambaa mdomoni na mabega yanamtetemeka. Sikuthubutu kuangalia nyuma. Nikamrukia Barasa na maneno, "Basi, basi, nimeelewa, weka hizo hizo zinazong'aa, tuna haraka," naye akasema, "Rakini mzee hujaacha nimarize, hiyo matako..." nikamkata tena, "Nimesema weka!"

Hakuna kitu nilichokuwa nimeelewa. Nilitaka tu lile neno life.

Barasa akaniangalia, akaziangalia nati, akasema, "Haya. Ni gari yako." Akaziweka, akazikaza. Tulipokuwa tunaondoka akaja mbio kwa upande wangu, safari hii akanong'ona, Mungu ambariki, "Ukifika Chwele simama, ukaze tena. Zitaregea hizo." Nikamwitikia huku nimeshaweka gia.

Chwele tulifika, na sikusimama. Nilijiambia saa zinakwenda, ingawa ukweli ni kwamba kusimama kungekuwa kukiri kwamba Barasa alikuwa na jambo la maana, halafu Nafula angeuliza ni nini kimelegea, halafu mimi ningejibu nini mbele ya mama? Mbele kidogo ya Chwele nikaanza kusikia tik, tik, tik nyuma kushoto. Nikaongeza sauti ya redio. Ikawa tok, tok, tok. Nikaongeza redio tena, mhubiri akawa anatupigia kelele gari zima.

"Shemeji," Nafula akasema, "mama anauliza kama hiyo ni gari ama ni redio."

"Mwambie ni barabara," nikajibu.

Tulikuwa tunakikaribia kituo kimoja cha soko, bado hatujaufikia mji wa Bungoma, watu wamejaa kandokando na nyanya na vitunguu vyao, nikaona kwa pembe ya jicho gurudumu moja linatupita upande wa kushoto, peke yake, mbio, zuri linang'aa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema maskini, ni la nani hilo, ndipo gari likakaa chini kwa kishindo na kuanza kukwaruza lami kwa mlio ambao nausikia mpaka leo nikipita mahali wanakata mabati. Nikapigana na usukani, likateleza, likasimama limeinamia mtaro. Gurudumu lenyewe lilipita katikati ya soko, watu wakilikwepa, likaenda kulala kwenye rundo la sukuma wiki za mama mmoja.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Nikaruka nje nikakimbilia mlango wa mama mkwe, nikaufungua, nikamkuta ameshika kiti kwa mikono miwili, anahema, na mimi bila kufikiri nikamnyoshea mkono nimvute atoke.

"Shemeji!" Nafula akapiga kelele. "Unafanya nini? Huyo ni mama!"

Aliposema hivyo soko zima likajua. "Woi! Ni mama mkwe wake! Usimshike, bana!" Akina mama wakaacha nyanya zao wakaja kunisukuma kando, mkono wangu bado uko hewani, mwingine ananiuliza ati kwetu hatuna adabu, mwingine anasema mwacheni ni mtu wa Kitale. Wakamtoa wao, wakampa kigoda. Nilitamani ule mtaro unimeze.

Akaja fundi wa pale, mwanamke mnene mwenye ovaroli ya bluu, akaokota nati mbili barabarani, akachungulia pale gurudumu lilipotoka. Bolti tatu kati ya tano zilikuwa zimekatika. Akasimama, akazinyanyua zile nati watu wote wazione.

"Nani aliweka matako flati kwa rimu ya kuchongoka?"

Nikaangalia viatu vyangu. Nikafikiria kumtaja Barasa, naona haya kusema hivyo lakini nilifikiria, hata jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kabla sijasema, sauti ikatoka kwenye kigoda. Miaka kumi na mmoja, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza mama mkwe kunisemea waziwazi mbele ya watu.

"Fundi ya Kimilili alimkataza. Alimwonyesha vizuri, hata mimi nilielewa. Huyu alimnyamazisha kwa sababu alikuwa anaona haya juu yangu." Akakohoa, akavuta leso. "Mimi nimezaa watoto tisa. Alifikiri matako sijawahi kuyasikia?"

Soko lilianguka kwa kicheko. Fundi mwenyewe aliketi chini kabisa. Hata mimi nilicheka, na nafikiri kama mambo yangeishia hapo hii ingekuwa hadithi tamu tu ya kusimuliwa kwenye sherehe.

Ilikuwa saa tano na nusu. Fundi akasema bolti za namna hiyo hana, lazima ziletwe kutoka mjini. Mama mkwe akamwambia Nafula maneno, Nafula akaniletea bila chumvi yoyote: "Mama anasema tutafute pikipiki twende." Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi, kuliko hata nati. Nikasema hapana. Mtu ametoka hospitali jana na mapafu yake, nimpandishe pikipiki kwa upepo huo? Nilisema hivyo kwa sauti. Moyoni nilikuwa naona jinsi mama mkwe wangu atakavyoingia Bumula juu ya pikipiki, na wakwe wote wakiuliza gari la mkwe liko wapi. Nikasema, "Nusu saa tu. Bolti zinakuja."

Kwa kuwa alikuwa ananiheshimu, hakubishana.

Nusu saa ikawa saa nzima. Bolti zilipofika, moja ilikuwa fupi, ikarudishwa. Nekesa alipiga simu mara tatu, ya mwisho sikuipokea, Nafula ndiye aliyepokea, nikamsikia akisema, "Waambie wangoje kidogo, tafadhali, waambie." Saa saba kasoro robo mama mkwe alisimama kutoka kwenye kigoda, akaenda mwenyewe mpaka kando ya barabara akainua mkono, pikipiki ikasimama. Nafula alimkimbilia akapanda nyuma yake. Niliwaona wakipotea na ile leso inapepea.

Mimi nilifika Bumula saa tisa na nusu, nati nyeusi zote tano zikiwa mahali pake, hakuna aliyeziangalia. Wao walikuwa wamefika saa nane. Familia ilingoja, mchungaji akangoja, lakini alikuwa na mazishi mengine na mawingu yalikuwa yameshuka, basi wakafunga na kuteremsha. Mama mkwe alikuta watu wanapanga maua juu ya udongo.

Nekesa hakunigombeza. Alinionyesha tu kwa kidevu mahali mama yake alipokuwa ameketi. Nilimwendea mpaka pale desturi inaponiruhusu, nikapiga magoti kwenye nyasi, nikamwambia, "Mama, nisamehe." Safari hii hakuangalia ukuta, hapakuwa na ukuta, aliniangalia mimi.

"Umefika salama?" akauliza.

"Nimefika, mama."

"Shukuru Mungu. Enda ukule, wamekuwekea chakula."

Afadhali angenitukana. Nilikwenda kwenye chakula, nikaketi nacho mapajani, sikuweza. Nikawa namsikia kutoka pale alipo akiwaita waombolezaji waliokuwepo saa ya kufunga, mmoja mmoja, awe mtoto au mzee, anamshika mkono anamuuliza: Alikuwa amevalishwa nini? Alikuwa amekonda? Walimfunga kile kitambaa cheupe? Uso wake ulikuwaje? Na kila mmoja alimjibu tofauti kidogo, na yeye akamwitikia kila mmoja kwa kichwa, kama anayejaribu kuushona uso kutoka kwa vipande vya watu.

Imepita miaka miwili. Siku hizi fundi akitaka kuniambia kitu, namwacha amalize, ataje anachotaka kutaja, hata kama askofu yuko kwenye kiti cha nyuma. Hilo nimeapa, na kiapo changu hakina thamani kubwa kwa mtu yeyote isipokuwa mimi. Krismasi iliyopita tulikuwa kwa mama mkwe Kimilili, akaja mgeni mmoja kutoka Bumula ambaye hatujawahi kumwona, na kabla hata chai haijamiminwa mama mkwe akavuta kiti karibu naye. "Wewe ulikuwepo siku ile?" akamuuliza. "Ulimwona?"

Nikatoka nje, nikajifanya naangalia ng'ombe.