Injinia Hamdi na Ng'ombe Aliyelikataa Shimo

Saa kumi na mbili asubuhi, nje kidogo ya Garsen, injinia wa madini Hamdi Liban amesimama ukingoni mwa shimo, kofia ngumu ya manjano kichwani. Anamsubiri ng'ombe.

Shimo hili lilitoa jasi, lile jiwe jeupe linalotiwa kwenye saruji. Jasi imekwisha, mvua imelijaza, na maji yamepimwa yakaonekana yanafaa mifugo. Wafugaji wanalitaka liwe lambo lao la kiangazi. Kampuni iko radhi, ila kwa sharti: ng'ombe ashuke na kupanda mwenyewe bila kuumia. Akikataa leo, kesho tingatinga linalifukia shimo.

Na wiki jana ng'ombe walikataa. Hamdi aliwachongea njia ya kushukia, akaipa mteremko wa lori.

"Lori lina breki, binti yangu. Ng'ombe wangu hana," mzee Halake, mmoja wa wafugaji hao, alimwambia, akigeuza kundi lake.

Hamdi hakununa. Amekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Baba yake aliuza mitamba watatu apate karo ya chuo kikuu, majirani wakamsikitikia: auze ng'ombe ili binti akasomee kuchimba mashimo? Mbona fisi huchimba bila karo!

Basi akailaza njia upya, mteremko ukawa wa taratibu. Kisha akaona jambo jingine: jasi humeremeta juani, na ng'ombe haiamini ardhi inayong'aa. Jana akaagiza lori zima la samadi, ikatandazwa njiani.

"Injinia, hii nayo uliisomea chuoni?" vijana wa machimbo walimtania.

"Hii nilizaliwa nayo. Shikeni koleo!"

Sasa Halake anawasili na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, mkaidi, aliyechaguliwa kwa makusudi.

"Huyu akikubali, wengine wote watafuata," anasema.

Meneja wa kampuni anashuka garini, mikono mfukoni. Ng'ombe ananusa. Anasimama. Hamdi anatafuna kamba ya kofia. Kisha mguu mmoja, na mwingine, hadi majini. Anakunywa kama aliyealikwa, anakojoa papo hapo, anapanda bila haraka.

"Ametia sahihi," Halake anatangaza.

Meneja anacheka, anapiga simu: tingatinga lisije.

Mwakani machimbo mapya yanafunguliwa ng'ambo ya barabara, na Hamdi ana mpango wake.

"Mara hii nachora njia ya ng'ombe kwanza," anasema. "Jasi imelala chini miaka yote hiyo, haina haraka. Mwenye haraka ni mzee Halake."