Kichwa Alichokimaliza Wambui

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo hadi leo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa msichana, nasuka nywele Kenyatta Market pamoja na dada yangu Wambui. Wambui alikuwa na ugonjwa wa hisia, ule unaompandisha mtu mpaka hataki kulala, kisha unamshusha mpaka kuoga kunamshinda. Alipozidiwa, alimwacha mteja kichwa nusu akaenda zake. Sasa alikuwa ametoka hospitalini, anatumia dawa, na alichotaka ni kurudishiwa kiti chake tu.

Mwenye saluni, Mama Shiro, aliniuliza, "Huyu dada yako ako aje?"

"Ako poa, Mama. Siku hizi anacheka sana."

"Hata ile siku aliacha kichwa ya watu alikuwa anacheka. Analala? Akianza kuosha vyombo, anamaliza?"

Tuliishi chumba kimoja kule Kabiria, na hayo sikuwa nimeyatazama.

Mama Shiro akampa mteja mmoja, wa kumjaribu. Wambui alisuka kimya, hamtanii mtu. Nikamnong'oneza achangamke kidogo, waone amepona. Mama Shiro akanivuta sikio. "Wachana na meno yake. Angalia mikono."

Nikaangalia. Mistari ilikuwa imenyooka. Aliagiza chai, akalalamika imepoa, akainywa hivyo hivyo. Alisuka hadi msuko wa mwisho, akachovya ncha kwenye maji moto zisifumuke, akafagia chini ya kiti. Mteja mwingine alipoketi, Wambui akamwambia, "Leo nimechoka, madam. Kuja Jumatatu."

Mama Shiro akapiga makofi. "Mmesikia? Akiwa mgonjwa hakuwa anajua kuchoka. Kiti ni yake." Saluni nzima ikacheka, na Wambui naye akacheka, taratibu. Nilifurahi hadi nikalia.

Basi mwanangu, ukiwa na mtu wa namna hii nyumbani, usimpime kwa uso peke yake. Tazama kama amelala, amekula, ameoga, na kazi aliyoianza imefika wapi. Mkienda kliniki, mweleze daktari hayo. Wambui sasa ni nyanya wa watu, bado anameza dawa zake, na jioni bado anafukuza wateja.

Mungu akujalie usingizi mtamu na kazi unayoweza kuimaliza, na siku utakapolemewa, akupe mtu wa kukuangalia mikono.