Ndevu Nyeusi Ndani ya Spika

Spika ya Odongo ilianza kukohoa Jumapili wakati wa chai. Kabla chai ipoe, mama yangu alikuwa tayari amehukumiwa.

Ndio, kukohoa. Kila bezi ikipiga, ile ya kushoto inafanya "krrkh", kama mzee amekwamwa na mfupa wa samaki.

Naitwa Achol, niko kidato cha tatu hapa Lodwar. Wale tunasoma na wao watashangaa, juu mimi ni yule msichana mwalimu anaita jina mpaka anachoka ndio sauti itoke. Lakini hapa hakuna mtu ananiangalia mdomo. Mama amelala. Wacha niseme.

Mama anafanya kazi kwa Odongo. Tunaishi kwa chumba cha nyuma. Kwetu ni Kakuma, kwa kambi ya wakimbizi, nyanya yangu bado ako huko. Kazi ya mama ikiisha, chumba imeenda. Chumba ikienda, shule yangu pia imeenda.

Sasa Odongo. Wueh.

Kuna watu wanapenda mbuzi, kuna watu wanapenda pombe. Odongo, mtu mzima wa ofisi, anapenda spika. Ziko mbili, ndefu kunifika kifua, za mbao ya ukweli, zinang'aa kama viatu vya askofu. Mgeni akiingia hapewi maji. Anaketishwa katikati, anaambiwa afunge macho.

"Unaskia hiyo gita? Unaskia vidole zikitembea?"

Mgeni maskini ametoka Lorugum na pikipiki, vumbi mpaka kwa kope. "Naskia, mkubwa."

"Hizi spika zangu si za kila mtu. Zinataka mtu ako na masikio."

Kwani sisi wengine tumebeba nini kando ya kichwa? Mikono ya sufuria?

Basi hiyo Jumapili akaita. "Mama Achol! Kuja hapa!"

Mama akakuja akipangusa mikono.

"Umemwagia spika maji."

"Hapana, mkubwa. Napangusanga na kitambaa nimekamua."

"Na hii maji unamwaga kwa sakafu kila mchana?"

Kila mtu Lodwar anamwaga maji kwa sakafu mchana. Usipomwaga, nyumba inakupika. Yeye mwenyewe hulala hapo chini na vesti kama mamba, akisema "aah, baridi".

"Maji imeingia ndani. Watu wa kambi, mtu anawaleta kwa nyumba nzuri, mnaifanya kisima! Madam akirudi, wewe ndio utamwambia venye uliharibu. Halafu ufunge mizigo."

Madam ni Jeptoo, bibi yake. Alikuwa ameenda kwao Eldoret kuuguza mama yake, karibu mwezi mzima.

Mimi nilikuwa nimesimama kwa mlango. Nilikuwa na matusi imejaa kinywa mpaka meno inauma. Sikusema hata moja.

Jumamosi Madam akafika. Aliposkia habari ya spika, hata hakuvua viatu.

"Nani amesema ni maji?"

"Si inaonekana," Odongo akasema.

"Inaonekana wapi na bado imefungwa? Itia mimi Ekai."

"Ekai! Yule wa kutengeneza redio za wachungaji? Jeptoo, hizi ni vitu za kupeleka Nairobi!"

"Itia mimi Ekai."

Ekai akakuja na pikipiki yake, begi mgongoni, mdomo mbele. Huyo jamaa hanyamazi.

"Ejok!" akasalimia kwa Kiturkana. "Mgonjwa ako wapi? Huyu? Ai, mgonjwa amevaa suti kunishinda!"

Akaenda nyuma ya mashine ya muziki, ile inalisha spika zote mbili, akabadilisha waya. Ya kushoto akaiweka kulia, ya kulia kushoto.

"Kikohozi kikihama, mgonjwa ni mashine. Kikibaki, mgonjwa ni spika yenyewe."

Akaweka wimbo. Krrkh. Kushoto palepale.

"Si nilisema!" Odongo akaruka. "Maji!"

"Mkubwa, ngoja. Mgonjwa hajamaliza kuongea."

Ekai akazima. Akaweka vidole kwa ile koni kubwa ya bezi, akasukuma polepole, vile unabonyeza tumbo ya mtoto. Inafaa kuingia na kurudi kimya. Ikafanya "krrkh", bila stima, bila wimbo.

"Umeskia? Kuna kitu inakwaruza ndani."

Akaanza kufungua skrubu. Odongo akashika kichwa. "Polepole! Hiyo si redio!"

"Mkubwa, mimi nimezalisha mbuzi gizani. Hii hata hairushi mateke."

Koni ikatoka. Ekai akaigeuza.

Nyuma yake kuna sumaku nzito kama sahani ya ugali. Na hiyo sumaku ilikuwa imeota ndevu. Ndevu nyeusi, zimesimama wima mzunguko wote.

"Kadibodi ya koni ni kavu, haijavimba. Kutu hakuna," Ekai akasema. "Maji haijawahi kuingia hapa. Hii kitu nyeusi ndio imeingia kwa koili, ile waya imezungushwa ndani, ikaichuna mpaka ikaisha. Haisafishwi hii. Ni kubadilisha."

"Ni vumbi," Odongo akasema haraka. "Si Lodwar ni vumbi tu? Mtu anafagia vibaya, vumbi inaingia."

Yaani mama ameponea maji, sasa anauawa na ufagio.

Hapo ndio nikaskia sauti ya msichana ikisema, "Hiyo ni mchanga ya lugga."

Wote wakageuka kuniangalia. Kumbe ni mimi.

"Umesema?" Madam akaniuliza.

Aki, hizo ndevu nazijua kabla nijue kusoma. Kakuma, tukiwa wadogo, tulikuwa tunatoa sumaku kwa redio imekufa, tunaifunga na kamba, tunaivuta kwa mchanga wa lugga ya Tarach, ule mto mkavu. Ikitoka ina ndevu nyeusi. Mwenye ndevu ndefu ndiye mzee, wengine wanamsalimia wakiinama siku nzima. Tulijaribu hata ndani ya nyumba. Vumbi ya nyumba haioti ndevu.

Nikasema hayo yote nikiangalia vidole vya miguu.

Ekai akacheka. Akachota vumbi ya dirishani, akaimwagia sumaku. Yote ikaanguka chini. Halafu akainua lile sanduku la spika, akaliinamisha. Huko nyuma liko na tundu la kupumua. Mchanga ukamwagika hapo kwa sakafu ya mama yangu, shhhh, karibu ujaze kikombe.

"Hii spika imelazwa luggani, mgongo chini," Ekai akasema. "Na ikapigwa kwa nguvu, hapo hapo."

Madam akaongea polepole sana.

"Odongo. Spika za baba yangu zilienda luggani kufanya nini?"

Za baba yake!

Mnaskia? Miaka yote, spika zangu, masikio yangu, mgeni funga macho. Kumbe ni za marehemu baba mkwe! Mwanaume hana hata waya hapo.

"Ni... watu wa ofisi walikuwa wanachoma mbuzi," Odongo akasema. "Nilitaka tu waskie kitu nzuri."

"Na huyo mbuzi," Madam akauliza, "alikuwa na masikio?"

Ekai akatoka nje kucheka.

Koni mpya ikaletwa na basi kutoka Nairobi, ndugu kabisa wa ile ya kulia. Ekai akaifunga, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Alisema ukikosea, moja inasukuma ingine ikivuta, bezi inafia katikati ya nyumba. Madam akaweka wimbo wa kwaya ya zamani. Kuna sauti nzito ya mzee hapo chini ya zote. Ikatoka kushoto, safi, bila kikohozi.

"Huyo ndiye baba," akasema. Akakaa chini hapo kwa sakafu.

Halafu akamwambia Odongo aombe mama msamaha.

"Mama Achol, kama kuna mahali uliumia..."

"Toa hiyo 'kama'," Madam akasema.

Akaitoa. Ilimtoka kama jino.

Ekai alinipatia sumaku ya ile koni iliyokufa. Nikaipeleka kwa chumba chetu nikimwonyesha mama, nikiringa. Mimi Achol, mpelelezi wa Lodwar.

Mama akaendelea kukunja nguo.

"Achol, Madam akiwa Eldoret, nani unafikiria alifagia mchanga nyeusi kutoka kwa mlango mpaka kwa hiyo spika?"

Nikakaa kwa kitanda.

"Mama! Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Yeye? Nilikuwa nangoja mwenye spika."

Na mimi nilikuwa nadhani kwa hii familia ni mimi tu najua kunyamaza.

Funzo langu ni fupi, nalala sasa. Wewe mwenye nyumba kubwa, kabla udanganye kuhusu yenye ilitendeka kwa nyumba yako, kumbuka kwanza ni nani anaifagia.