Mwandishi wa Chumba cha Tisa

Mwaka 2021, wageni walipokatazwa kuingia katika makao yetu ya wazee hapa Campbelltown kwa sababu ya korona, mwandishi wa chumba cha tisa aliendelea na riwaya yake. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, kwa hiyo kila asubuhi, nikishamwogesha, nilimfungia penseli mkononi kwa bendeji. Aliandika Kijapani kutoka juu kwenda chini, herufi moja kwa kila kijisanduku kilichochorwa kwenye karatasi, na alipokosea alifuta taratibu, akapuliza karatasi, akaanza tena. Sauti yake ilikuwa ndogo hata alipokuwa na maumivu.

Siku moja mhariri wake alipiga simu kutoka Tokyo. Nikiwa natandika kitanda, nilisikia jina langu katikati ya Kijapani mara tatu, na kila mara mwandishi alilitamka kwa nguvu zaidi.

“Kuna shida, Mama?” nilimuuliza alipokata simu.

“Umo katika riwaya, Chepngetich. Anataka nikupe jina jepesi, eti wasomaji wetu watashindwa kulitamka lako.”

“Ukamwambiaje?”

“Nimemwambia wajifunze, kama nilivyojifunza mimi.”