Kaunta ya Baa Katika Zahanati Yetu

Binti yake ndiye aliyenipigia simu. Alisema, "Shikamoo mwalimu," akaniarifu kwamba mama yake amepumzika alfajiri, nyumbani kwao Dindira, na mazishi ni kesho baada ya ibada. Nilimpa pole, nikakata simu, nikakaa. Halafu, wasomaji wangu mnisamehe, nikacheka. Sijui namna nyingine ya kumkumbuka mama yule. Kicheko chake kilikuwa kikivuka ukuta wa ofisi yake pale Manundu, Korogwe, hadi saluni ya jirani, na wateja wakawa wanatoka na rola zao kichwani kuja kuuliza kuna nini.

Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Kwa miaka mingi alilichorea shirika moja la umma, kwa kalamu ya wino na rula, amesimama mbele ya meza iliyoinama. Soko huria lilipobisha hodi, shirika likauzwa, naye akapunguzwa pamoja na wenzake. Wengine walifungua vioski, wengine walirudi shamba. Yeye alinunua kompyuta iliyokwishatumika, akapanga chumba kimoja, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: RAMANI ZA NYUMBA KWA KOMPYUTA. Watu walipita, wakasoma kwa sauti, wakaenda zao. "Waache wasome," aliniambia. "Mwenye kiwanja atarudi."

Mimi nilirudi na disketi ya mchoro. Wakati ule nilikuwa nafundisha Handeni, na kijiji cha wafugaji kilicho jirani na shule kilikuwa kimenichagua katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilituchorea ramani nzuri ajabu, tukaisifu mkutano mzima, hasa kaunta ya chumba cha dawa iliyopinda kwa madaha. Kasoro ilikuwa moja tu: jengo lilikaa kwenye mkondo wa maji ya mvua. Nilipanda basi kwenda Korogwe ili mama alisogeze tu kwenye mchoro, kisha nirudi na nakala; fundi alikuwa ameshaanza kufyatua matofali.

Kulisogeza hakukumchukua muda. Ila hakuwa mtu wa kutoa kazi kabla ya kuifagia. Alinieleza kwamba mchoro wa kompyuta hupangwa kwa matabaka, kama karatasi nyembamba zilizolaliana: kuta zina tabaka lake, milango lake, umeme lake. Matabaka yasiyo na kitu hufutwa. Akafuta moja, akafuta jingine, kisha akasita. "Mwalimu, hebu soma hapa." Nikasoma. Tabaka liliitwa BAA. Alipojaribu kulifuta, kompyuta ikakataa: linatumika.

"Linatumika wapi?" nikauliza.

"Haisemi. Ni kama mtoto aliyetumwa kusema mama hayupo."

Akayafunga matabaka mengine yote ili libaki hilo peke yake. Kioo kikawa cheusi tii, hakuna hata mstari. Nilimwambia aliache tu, jina halijengi nyumba, na basi langu linaondoka. Akanitazama kana kwamba nimemwambia ale ugali mbichi. "Kitu kinatumika nisijue kinatumika wapi, halafu nikugongee muhuri?" Akanieleza kwamba vitu kama mlango au kitanda huchorwa mara moja, vikafungwa pamoja kama kifurushi, kisha kifurushi kikawekwa popote kinapohitajika, na ndani ya kifurushi tabaka huweza kujificha. Akaanza kuvifungua. Mlango: hakuna. Sinki: hakuna. Umeme ukakatika, tukanywa chai, ukarudi. Kitanda: hakuna. Alipofungua ile kaunta tuliyoisifu, akapiga kofi mezani. Kila mstari wake ulikuwa wa tabaka la BAA. Akaikuza ikajaa kioo. Chini, upande wa wateja, kulikuwa na bomba refu la kupumzishia miguu. "Mgonjwa wa malaria," alisema akijifuta machozi ya kicheko, "ataegemea hapa, aweke mguu juu, aagize klorokwini baridi!"

Mara kicheko kikakatika. "Kama kaunta ni ya baa, vyumba ni vya nini?" Akapima milango yote, mmoja baada ya mwingine; yote ilikuwa miembamba. Tulikwenda kibanda cha simu, akampigia mchoraji wa ile kampuni. Kijana alijiumauma, hatimaye akakiri: mchoro ulikuwa wa gesti yenye baa ya mteja wa Segera, naye akabadilisha tu majina ya vyumba. Nilitaka nimfokee, mama akanizuia. "Mwanangu," alimwambia, "kunakili wote tunanakili. Ila uliyemchorea kwanza alikuja kulala. Hawa wangu wanakuja kuzaa."

Siku ya kikao alikuja mwenyewe Handeni. Alipomaliza kueleza, mwanamke mmoja mfugaji, mjumbe wetu, akauliza, "Sisi mgonjwa hubebwa na wanaume wanne, yuko juu ya kitanda chake. Kwenye milango hiyo kitanda kingepita?" Mama akajibu kisingepita. Yule mjumbe akaguna, "Kwa hiyo ningejifungulia nje, wanaume wangekuwa kaunta." Kikao kikavunjika kwa vicheko. Milango ikapanuliwa, jengo likasogea, fundi akaanza msingi. Zahanati ipo hadi leo, na watoto waliozaliwa humo sasa wanawapeleka watoto wao.

Nimeyawaza haya njia nzima ya kupanda Dindira, katikati ya mashamba ya chai. Miaka ile tulinakili mengi kwa pupa: taratibu za kazi, mipango, hata ndoto zetu. Tulibadilisha majina ya vyumba tukadhani tumejenga upya. Wakaguzi wakali hawakukosekana, ila wengi walikagua kwa kununa, na watu wakajifunza kuwaficha makosa. Mama huyu alikagua akicheka, ndiyo maana kijana wa Dar alimwambia ukweli kwa simu moja.

Kaburini nilimkuta mwanamume mwenye mvi akishika koleo kwa bidii kuliko jamaa wa marehemu. Alinong'ona kwamba alitoka Dar usiku, kwamba ndiye aliyechora gesti ile, na kwamba baada ya siku ile alimpelekea mama kila mchoro wake aupitie kwanza. Basi tuwe wakali kwa kazi na wapole kwa anayeifanya. Ukali wa namna hiyo ndio huleta watu mazishini wakiwa na koleo mkononi.