Mama wa Ndagala na Alama Iliyogeuka

Juzi binti yangu alinionyesha daftari lake. Anajiandaa na mtihani wa Serikali, na hapa kwetu Gihosha siku hizi mazungumzo ni hayo tu. Alikuwa na hesabu ya kutolingana: kipeuo cha pili cha x jumlisha tano kiwe kidogo kuliko x toa moja. Alikwisha kupandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha pili, akaandika kwa furaha kwamba x ni kubwa kuliko nne, au ndogo kuliko hasi moja. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ulisema, "Tia hasi nne, uone."

Akatia. Kushoto akapata moja, kulia hasi tano. Moja haiwezi kuwa ndogo kuliko hasi tano. Akafuta lile jibu la pili, akaniangalia. "Mama, wewe umejulia wapi haya?"

Nikakaa kitandani pake. Ile sauti haikuwa yangu, ndugu yangu. Ilikuwa ya mwanamke niliyekaa miaka bila kumkumbuka.

Nilikulia Buyenzi, katika ua wa vyumba sita na bomba moja. Tangu asubuhi nyundo za magaraji zilikuwa zinagonga mabati mpaka ukitulia peke yako unazisikia bado masikioni. Bibi alikuwa akichambua mchele mlangoni, mimi naosha masufuria kwa majivu, na harufu ya mawese ikichemka inatuita kabla hatujaitwa. Chumba cha mwisho alipanga mama mmoja mkimbizi kutoka Kongo. Alikuwa akikaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kuziuza barabarani kwenye sinia. Alisema kidogo sana. Sisi watoto tuliamini hajui kusoma, kwa sababu barua yake ikiletwa uani na wasafiri alikuwa akimpa Bibi, na Bibi akinipa mimi nimsomee; zote zilianza "Dada yetu" tu.

Mwaka wa mtihani wetu, wazazi walituitia mwalimu wa kutusaidia jioni, kijana mwanafunzi wa chuo, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Ubao wetu ulikuwa boneti ya gari iliyopakwa rangi nyeusi, fundi jirani alituegemezea ukutani. Tulikuwa watano juu ya mkeka. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Jioni hiyo aliandika: nusu yenye kipeo x ni kubwa kuliko nane. Akaeleza kwamba nane ni nusu yenye kipeo hasi tatu, kwa hiyo x ni kubwa kuliko hasi tatu. Tukanakili. Wiki mbili nzima tulikuwa tukizifanya hivyo hivyo, kurasa na kurasa.

Yule mama alikuwa bombani, anaosha samaki. Akainuka, maji yakimtiririka mikononi.

"Mwalimu, unisamehe. Iyo alama inapashwa kugeuka."

Mwalimu akacheka. "Mama, endelea na samaki zako. Huku ni hesabu."

"Apana, usikasirike. Tia sufuri fasi ya x. Nusu yenye kipeo sufuri ni ngapi?"

Mimi ndiye niliyejibu, kwa sauti ndogo: "Moja."

"Sasa, moja inapita nane?"

Bibi aliacha ungo magotini. Niliangalia jibu letu: sufuri ni kubwa kuliko hasi tatu, lilipaswa kufaa, na halikufaa. Nilifungua kurasa za nyuma nikaona makosa, makosa, makosa, yote yameandikwa kwa mwandiko wangu mzuri. Rafiki yangu akaanza kulia pale pale mkekani.

"Nusu, kila ukiongeza kipeo inapunguka," mama alisema, sasa akituangalia sisi. "Njo maana alama inageuka. Msilie. Siku tisa ni nyingi."

Mwalimu aliweka chaki chini, akatoka bila kuaga. Tukajua harudi tena.

Bibi akamuuliza yule mama, karibu kwa hasira, amejifunzia wapi. Akasema, kama mtu anayetaja bei, kwamba kwao, upande wa pili wa ziwa, alifundisha hesabu miaka kumi na moja, mpaka siku waliyokimbia. "Na barua?" Bibi akauliza. Akajibu kwamba barua zote zinazotoka kule alikuwa anaogopa kuzifungua mwenyewe. Bibi alimshika mkono, samaki na yote.

Kesho yake mwalimu alirudi. Alikuja na daftari jipya, akavua viatu, akakaa mkekani pamoja nasi, akampa yule mama chaki kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu mzima akifanya vile. Siku tisa alitufundisha yule mama, vidole vinanuka samaki, na kila jibu alitulazimisha kulijaribu kwa namba kabla ya kuliamini. Penye kipeuo alikuwa akisema tuangalie kwanza kama upande wa pili si hasi.

Katika mtihani ilikuja theluthi yenye kipeo x. Niligeuza alama. Tulifaulu wanne kati ya watano.

Matokeo yalipotoka nilikimbia hadi mlangoni kwake nikapiga hodi. Akafungua mwanamume nisiyemjua, amehamia siku hiyo hiyo. Bibi akaniambia ndugu zake walikuja kumchukua alfajiri, wamevuka kwenda kwao. Nilisimama pale na karatasi yangu, sikuamini.

Ua ule leo ni duka la vipuri. Bibi ametangulia mbele ya haki. Mwalimu sijui aliishia wapi. Wale wa mkekani tumetawanyika, mmoja yuko ng'ambo, na tukipigiana simu tunaongea juu ya watoto. Wote nimewauliza, hakuna anayejua yule mama alifika wapi. Zile siku tisa nilimuuliza maswali mengi kuliko niliyowahi kumuuliza mtu yeyote. Jina lake sikumuuliza.