Mzaha wa Pasi

Wifi yangu ni fundi cherehani, na ukimpelekea gauni lililoshonwa ovyo atakwambia limeshonwa ovyo, hata kama aliyelishona umesimama naye hapo hapo. Ana usonji. Hamtazami mtu usoni, kelele hazitaki, na rangi ya uzi huchagua mwenyewe. Ukibisha, utaambiwa ukashone mwenyewe. Nampenda kwa sababu hana unafiki, kitu adimu ukweni.

Kaka yake, ndiye mume wangu, ni mwalimu, na mwaka huu kaandika kitabu cha watoto kuhusu dada yake. Aliapa hakipeleki kwa mchapishaji mpaka dada mwenyewe aridhie. Hapo nilimpa heko. Basi Jumapili mchana akatusomea, mama mkwe kajinyoosha kwenye kochi, wifi anakunja pindo la suruali ya mteja.

Vitabu vya namna hii navijua, nimewasomea sana wanangu. Mtoto mwenye usonji huwekwa pembeni kama kiti, ndugu yake ndiye mwenye subira, na mwishoni sifa zote huchukua ndugu. Cha mume wangu kilikuwa hivyo hivyo. Akafika kwenye kisa ambacho ukoo mzima hukisimulia: mama alimwagiza binti, "Kapige pasi sare yako," binti akaiendea pasi, akaizaba kofi. Kitabuni imeandikwa, "Maskini, hakuelewa."

Wifi akaacha kushona.

"Nilielewa," akasema. "Pasi ilikuwa ya baridi, niliigusa kwanza. Nilikuwa natania."

Mume wangu akashusha karatasi zake.

"Mlicheka sana siku ile. Nikafurahi. Kila mkisimulia nafurahi." Akaitazama sindano yake. "Kumbe mlikuwa mnanicheka mimi?"

Mume wangu akaanza kujiumauma, mara hivi, mara vile, nikatamani kumfinya. Aliyejibu ni mama mkwe, yeye ambaye kisa hicho humchekesha mpaka machozi.

"Tulikucheka, mwanangu. Hatukujua kama na wewe unatania."

Roho iliniuma, nikashindwa hata kumwangalia wifi.

Wifi akafikiri. Akifikiri haharakishwi, kwa hiyo tukasubiri.

"Kisa kibaki," akamwambia kaka yake. "Ila hiyo maskini ifute. Andika, 'Alitania, nyumba nzima haikuelewa.' Ukishaandika hivyo, peleka."